Zinki ya Kipushi inapita, chuma cha mkulima kinabaki na kutu

Kila mara mvua zinapoanza kunyesha Lubumbashi na mazingira yake, mafundi wa kuunga vyuma wa kando ya barabara wanapata kazi ileile: geti la zizi lililooza chini, mguu wa tangi la maji uliotobolewa na kutu, uzio wa nguruwe ulioachana kwenye maungio. Mkulima analipa. Fundi anaunga kipande kipya juu ya chuma cha zamani, anapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na baada ya misimu miwili au mitatu wanaonana tena. Kazi hiyo inamlisha fundi, lakini inamla mkulima.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa ya ugonjwa huu inatoka katika udongo wa jimbo hilihili. Mgodi wa Kipushi, kilomita zipatazo 30 kutoka Lubumbashi, ulifunguliwa mwaka 1924, ukafungwa mwaka 1993, na ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Karibu nusu ya zinki yote inayotumika duniani inafanya kazi moja: kukinga chuma na kutu. Lakini zinki ya Kipushi inapanda malori ikiwa bado mchanga, inaenda kusafishwa mbali, na mkulima wa Haut-Katanga anaiona tena ikiwa kwenye manjanja yaliyonunuliwa nje kwa dola.

Njia ya kukinga chuma kwa zinki si siri. Chuma kikishakatwa na kuungwa, kinasafishwa mafuta, kinaoshwa katika tindikali ili kutu yote itoke, kinapitishwa katika dawa ya chumvi, kisha kinatumbukizwa chote katika zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi karibu 450. Zinki inashikana na chuma chenyewe, nje na ndani ya tibu. Rangi haifiki ndani, na hapo ndipo kutu inapojificha. Na hata koleo likikwaruza ngozi hiyo ya zinki, zinki iliyo pembeni inaanza kuliwa kabla ya chuma. Rangi ikikwaruzwa, kutu inaingia chini yake na kuibandua.

Kwa chuma cha unene kati ya milimita 3 na 6, kipimo cha kimataifa kinataka ngozi ya zinki ya wastani wa maikroni 70. Katika hewa ya kawaida ya kijijini, ngozi hiyo inaweza kudumu miaka makumi. Mkulima anayenunua geti mara moja badala ya mara tano hahitaji mwalimu wa hesabu kuelewa faida yake.

Wapo wanaosema dawa imekwisha kupatikana: kununua tibu zilizopakwa zinki sokoni na kuziunga. Hapo wakulima wengi wanadanganyika. Moto wa kuungia unachoma zinki palepale kwenye maungio, ndipo maji na mbolea vinapojikusanya, na kutu inaanzia hapo. Tena moshi wake mweupe unampa fundi homa na baridi usiku. Zinki inapaswa kuja baada ya kuunga, si kabla. Pasipo njia nyingine, basi angalau maungio yasuguliwe vizuri na kupakwa rangi yenye zinki nyingi.

Kwa hiyo kazi inaanzia katika ateliye. Kila tibu lazima itobolewe matundu, moja la hewa kutokea na moja la zinki kuchuruzikia. Tibu iliyozibwa pande zote, ikiwa na maji kidogo ndani, inaweza kulipuka katika zinki ya moto na kuua watu. Mabaki ya kuungia na rangi ya zamani yaondolewe, kwa kuwa tindikali haiviondoi. Geti refu kuliko bafu ligawanywe vipande vya kufungwa kwa buloni. Fundi anayejua hayo anastahili kulipwa zaidi ya yule anayejua kupaka rangi tu, na shule za ufundi za jimbo zingefaa kuyafundisha.

Lazima pia kusema ukweli wote: zinki haifai kila mahali. Maziwa yasiwekwe katika chombo cha zinki, wala kitu chochote chenye uchachu, kwa sababu uchachu unaiyeyusha na kuiingiza katika chakula. Mkojo na samadi vinavyokaa juu ya chuma mwaka mzima vinaipunguza haraka, hivyo mguu wa nguzo unahitaji kuoshwa na kuinuliwa juu ya sakafu. Lakini kwa mageti, nguzo, paa za mazizi, minara ya matangi na matrela, rangi ya kawaida haiwezi kushindana nayo.

Basi kwa nini mkulima mdogo haifikii? Kwa sababu kazi hii inalipwa kwa kilo, na bafu halikubali kuwashwa kwa ajili ya geti moja. Zinki lazima ibaki moto usiku na mchana. Ikiganda ndani ya bafu, hasara ni kubwa. Makampuni ya migodi hayana shida hiyo: yanaagiza vyuma kwa matani, vimekwisha kupakwa, kutoka Afrika Kusini. Mkulima wa Kasenga mwenye mageti manne hawezi kuyapeleka Johannesburg.

Wengine watajibu kwamba umeme hautoshi, na kwamba bila kiwanda cha kusafisha zinki hakuna la kufanya. Jibu la kwanza: bafu linaweza kupashwa kwa mazutu au gesi. Jibu la pili: tani moja ya chuma inachukua mara nyingi kilo kati ya 50 na 80 za zinki tu, na zinki safi inauzwa kwa vipande kama bidhaa nyingine. Kolwezi ilikuwa na kiwanda cha kusafisha zinki zamani, na kudai kingine ni haki. Lakini mkulima asiambiwe angoje kiwanda hicho ndipo geti lake liache kuoza.

Kinachohitajika ni mambo matatu. Serikali ya jimbo, inapozungumza na makampuni ya migodi juu ya kazi za maendeleo, iombe bafu moja la zinki Lubumbashi, lililo wazi kwa kila mtu, lenye bei ya kilo iliyobandikwa mlangoni. Vyuma vya migodi vilipashe moto kila siku. Vyuma vya wakulima vipate siku yao. Pili, koperativi za wakulima zikusanye mageti na nguzo za wanachama na kuzipeleka pamoja kwa lori moja. Tatu, tindikali iliyochoka isimwagwe katika mto Kafubu. Wakaaji wa kando ya maji hayo wamekwisha kubeba mzigo wa kutosha wa viwanda, na hawapaswi kulipia kwa afya yao geti la mtu mwingine.

Jimbo linalolalamika kila mwaka kwamba unga wa bukari unategemea mahindi ya Zambia haliwezi kumwacha mkulima wake anunue uzio uleule kila baada ya mvua chache. Pesa inayoliwa na kutu ni mbegu ambazo hazikupandwa. Na zinki ya kuizuia inapita mbele ya shamba lake, juu ya lori, ikielekea mpakani.