Tusiwafukuze Watoto kwenye Kinanda



Leo naanza kwa kujikosoa. Ibada ikiisha, watoto hukimbilia kinanda, nasi wakubwa tunapiga kelele: "Tokeni hapo, mtaharibu!" Hata mimi mchungaji wenu nimefanya hivyo. Halafu mpiga kinanda akihamia mji mwingine kikazi, tunafunga na kuomba Mungu atuletee mwingine. Jamani, Mungu alikuwa ameshawaleta. Ni sisi tuliowafukuza.

Soma 1 Mambo ya Nyakati 25. Waimbaji wa nyumba ya Bwana walikuwa 288, wote wamefundishwa, na kura ya zamu ilipigwa kwa mdogo na mkubwa, mwalimu na mwanafunzi. Upako haukuondoa mazoezi.

Maoni yangu: tutenge dakika 20 kila Jumapili baada ya ibada. Mtoto wa miaka 6 tusimharakishe. Kwanza ajue vidole vyake kwa namba, kidole gumba 1, kidole cha mwisho 5. Kisha atafute vile vitufe viwili vyeusi vilivyo pamoja. Cheupe kilicho kushoto kwavyo ndicho C. Apige wimbo mmoja mfupi, mkono mmoja, polepole. Akikosea, asichekwe. Arudie.

Kinanda kikiharibika, fundi yupo. Lakini mtoto aliyefukuzwa madhabahuni huenda asirudi tena.

Mzazi, kama unakubali, andika AMINA, na Jumapili uniletee jina la mtoto wako.