Si Kila Shingo Iliyopinda Ni Kulala Vibaya

Wasee, hii tabia tuiache. Mtu akiamka shingo imekaza, mtaa mzima unageuka daktari. "Ulilala vibaya." "Enda kinyozi akuvunje shingo." "Hiyo ni mapepo, ita pasta." Shida ni kudhani shingo kupinda ni ugonjwa mmoja.

Ile ya kawaida tunaijua. Misuli imekaza, kugeuka ni shida, na mara nyingi inaachilia yenyewe ndani ya wiki moja. Weka kitambaa cha moto, meza dawa ya maumivu, isongeshe polepole. Kuzungushwa kwa nguvu, zii! Ni nadra, lakini inaweza kupasua mshipa unaopeleka damu kwa ubongo, upate kiharusi. Kinyozi akate nywele.

Mtoi mchanga naye? Msuli wa upande mmoja umekaza, kichwa kinainama huko, kidevu kinaangalia upande wa pili. Akianzishiwa mazoezi ya kunyoosha mapema, wengi hupona bila upasuaji. Lakini nyumbani ni "atanyooka akikua", miezi inaisha, na kichwa kinabonyea upande mmoja. Huko ni kumkosea mtoto.

Halafu kuna ya dawa. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, au haloperidoli ya akili, inaweza kumpinda mtu shingo ndani ya masaa au siku chache, hata macho yapande juu. Watu wanamshika wakemee pepo usiku kucha, na hospitalini sindano mara nyingi humtuliza haraka. Kuomba ni sawa, ombeni mkiwa kwa gari mkimpeleka.

Na mtu mzima ambaye shingo inamvuta miezi na miezi hajifanyi. Hiyo yaweza kuwa distonia: ubongo unatuma amri mbaya kwa misuli. Hutulizwa kwa sindano za botulini, zinazorudiwa kila miezi mitatu hivi.

Ukiona shingo ngumu pamoja na homa na kichwa kuuma sana, au imetokea baada ya ajali, ama mikono inakufa ganzi, usingoje kesho. Inaweza kuwa meninjitisi au mfupa umeumia.

Kwa hivyo rafiki yako akilalamika shingo, kabla ujifanye daktari muulize: Ilianza lini? Umemeza dawa gani? Una homa? Maswali ni bure, na hayavunji mtu shingo.