Kimo hakifungi bao
Keti miongoni mwa mashabiki katika Uwanja wa Green mjini Kericho au ule wa Silibwet kule Bomet, na kabla kipindi cha kwanza hakijakolea utasikia wachezaji wakipimwa kama ng'ombe mnadani: huyu mwembamba mno, akakimbie mbio ndefu, yule ana kifua, awe beki. Nchi ya majani chai imezoea kusoma mwili, maana imelea wanariadha wengi. Lakini soka haina kipimo kimoja. Novemba 7, 2012, Celtic ilipoilaza Barcelona 2-1 mjini Glasgow, Mkenya Victor Wanyama, mtu wa miraba minne, alipaa akafunga kwa kichwa kutokana na kona. Bao la Barcelona likatiwa na Lionel Messi, mwenye sentimita 170 tu. Usiku mmoja, uwanja mmoja, maumbile mawili, na kila bao likahesabiwa moja. Kwa hiyo makocha wa vijana huku mashambani wasimfukuze mtoto kwa sababu ya kimo. Wampe mpira kwanza, waone anavyoupokea, anavyogeuka na anavyotoa pasi, ndipo waamue. Nanyi mashabiki, zomeeni pasi mbovu. Miguu myembamba iacheni.