Mtaalamu wa Kisima Hachaguliwi kwa Kujuana



Kila mara kigango au kijiji hapa Mtinko kinapoazimia kuchimba kisima kirefu, swali la kwanza huwa hili: “Nani anamjua mchimbaji?” Swali hilo ndilo chanzo cha hasara. Swali la haki ni: “Nani atatuambia ukweli juu ya maji yaliyo chini ya ardhi yetu?”

Singida ni nchi kavu, tena ni miongoni mwa mikoa ambayo maji yake ya chini huwa na floraidi. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, huharibu meno ya watoto. Ikizidi sana, hudhuru mifupa. Kisima chaweza kutoa maji tele na bado kikawa balaa. Macho hayaoni hilo. Lazima mtaalamu apime kabla ya kuchimba, na maabara ipime baada yake.

Lakini sisi twafanyaje? Twamtafuta shemeji wa mjumbe wa kamati, au twamwachia muuza pampu atushauri tununue pampu ipi! Fisi hakabidhiwi bucha. Mshauri asiwe mchimbaji wala muuzaji, na alipwe ujira wake hata akisema, “Hapa hakuna maji.” Anayelipwa shimo likichimbwa tu atasema daima, “Chimbeni.”

Taifa zima lilionja uchungu huu. Mwaka 2006 kampuni ya Richmond ilipewa mkataba wa umeme wa dharura. Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge ilieleza kwamba kampuni hiyo haikuwa na uzoefu, utaalamu wala uwezo wa fedha. Waziri Mkuu akajiuzulu. Ikiwa wakubwa waliponzwa hivyo, sisi tutaponaje tusipouliza?

Basi tuulize. Leseni ya uchimbaji iko wapi? Jina la mhandisi limo katika daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi? Amefanya kazi vijiji gani? Twende huko tukawasikilize akina mama wanaochota. Waombaji wawe angalau watatu, bei zisomwe mkutanoni, na mkataba uandikwe kwa Kiswahili.

Mtasema, “Baba, huko ni kutoaminiana.” Sivyo. Yethro alimshauri Musa achague watu wenye uwezo na wanaochukia rushwa; hakumwambia achague jamaa zake. Fedha hizo ni alizeti na kuku wa wajane wetu. Kiongozi anayezitoa bila kuuliza ameshiriki wizi, hata kama mfukoni mwake haikuingia senti moja.