Kompyuta Kongwe Iulizwe Kwanza
Barazani, na Mwinyi Khamis Shomari

Mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alinijia juzi baada ya sala ya alasiri akiwa amekumbatia kompyuta mpakato ndogo ya mwaka 2009, akaniamkia, kisha akasema kwa unyonge, “Mjomba, fundi kaniambia hii imekwisha, niitupe.”

Hukumu hiyo iliniudhi, kwani chombo kile, kilichotoka kiwandani na Windows XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014, hakikuwa na maradhi yoyote ya mwili, ila mtu mmoja baada ya mwingine alikuwa amekitwisha mzigo usio wa kimo chake, ilhali kumbukumbu yake ni gigabaiti 1 tu.

Vijana wengi, ukiwataka shauri juu ya Linux nyepesi, hukutajia papo hapo Lubuntu au Linux Mint yenye eneokazi la Xfce, nami huzisifu hizo kwa mwenye prosesa ya biti 64 na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Walakini swali la awali, ambalo aghalabu husahauliwa, ni prosesa yenyewe ni ya namna gani. Hii ni Intel Atom N270, ya biti 32, na milango mingi imekwisha kufungwa mbele yake: Ubuntu na jamaa zake waliacha zamani kuitolea matoleo, na hata Debian, mama yake Ubuntu, iliyoasisiwa mwaka 1993, haikutoa tena kisakinishi cha biti 32 katika toleo la 13 la mwaka 2025.

Nikaikhitari antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12, maadamu ingali na toleo la biti 32, na badala ya eneokazi zima lenye madoido hutumia IceWM, programu ndogo ya kupanga madirisha. Kabla ya kuigusa diski tulihamisha mafaili yake yote, tukaiandika antiX kwenye flashi, tukaiwasha kutoka humo, tukajaribu Wi-Fi na sauti. Maana mfumo usioitambua Wi-Fi yako, wepesi wake haukufai kitu, na ni heri kulijua hilo wakati ule wa zamani ungali mahali pake.

Sikumficha kwamba hakuna Linux iwezayo kuzipunguzia uzito kurasa za intaneti za leo, kwa kuwa kivinjari ndicho mlaji mkuu wa kumbukumbu: afungue ukurasa mmoja mmoja, kwa subira, na video asizitarajie. Kwa kazi za ualimu nilimwekea AbiWord ya kuandikia na Gnumeric ya hesabu.

Jana kaleta habari kwamba alama za darasa zima amekwisha kuzijaza. Sasa anauliza betri yake itapatikana wapi.