OMBA, HALAFU UVAE HELMETI

Leo nina neno la barabarani.

Sisi Wapentekoste tunajua kuombea safari. Tunafunika gari kwa damu ya Yesu, tunamkemea pepo wa ajali, tunasema amina kubwa. Sipingi hata moja la hayo. Ninachopinga ni kinachofuata: kesha likiisha alfajiri, mnapanda boda boda moja abiria watatu, mtoto amebanwa katikati, hakuna helmeti hata moja, na unamwambia mwendeshaji mwenye usingizi aharakishe.

Ajali ikitokea, tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mpendwa, tusimsingizie Mungu.

Fungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba mpya, unaagizwa uweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Mungu hakuwaambia waombe tu watu wasianguke. Aliwaambia wajenge! Helmeti ndiyo ukingo wako wa leo.

Halafu soma Mathayo 4. Shetani alimsimamisha Yesu juu ya hekalu, akamtajia ahadi ya malaika watakaomshika. Ahadi ni ya kweli. Lakini Yesu hakuruka.

Tangu 2021, kila mwaka zaidi ya watu 4,000 wanakufa kwenye barabara za Kenya, na miongoni mwao wamo wengi wa boda boda. Watafiti wa Cochrane waliokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2008 walikuta kwamba helmeti hupunguza vifo vya wanaopata ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Sheria yetu ya trafiki nayo iko wazi: abiria mmoja tu, na wote wawili wavae helmeti na reflekta.

Mguu uliovunjika unaweza kuungwa. Ubongo ukiumia, mtu anaweza kurudi nyumbani asimjue mtoto wake. Shamba linauzwa, karo inakatika, mama anakuwa muuguzi maisha yake yote.

Najua utaniambia, "Pastor, hiyo helmeti imevaliwa na watu kumi, na nimetoka saluni jana." Basi beba kitambaa chako, uvae ndani. Ama ununue helmeti yako. Nywele husukwa tena. Na wewe dada, kunja leso na gauni vizuri visinaswe na gurudumu, na mguu ukae mbali na ekzosi.

Ukikuta ajali, kumbuka Msamaria wa Luka 10. Alifunga majeraha. Hatusomi kwamba alisimama kando kutazama. Wewe weka simu ya video chini, upige 999 au 112. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi bila kuachilia. Usimnyanyue majeruhi kwa mikono na miguu kama gunia, maana uti wa mgongo ukiwa umeumia unaweza kumpoozesha. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mwache alivyolala, msimamishe magari, usimpe maji. Na ndiyo, omba! Unaweza kuomba huku mkono wako umebonyeza kidonda.

Kanisa letu halichoki kuchangia bili za hospitali, na Mungu awabariki. Lakini mchango wa bili huja mtu akiwa tayari amelala wodini. Naomba kila kikundi cha nyumbani kinunulie helmeti ya abiria mwendeshaji anayewabeba kila Jumapili. Na kesha lijalo, asitoke mtu getini wakiwa watatu kwa pikipiki moja.

Baba, tulinde njiani, na utupe hekima ya kujilinda. Wakumbuke waliolazwa usiku huu. Kwa jina la Yesu.

Kama umeamini, andika AMINA, kisha umtumie neno hili mwendeshaji wako wa boda.