Injini Ikinguruma

Nenda Kondele asubuhi umtazame fundi wa pikipiki akirekebisha kabureta. Hazimi injini. Anazungusha skrubu kidogo, anasikiliza mlio, anairudisha kidogo, anasikiliza tena. Akizima, atajuaje amefika?

Sasa njoo utuone sisi tunaojiita madevelopa wa Kisumu. Tunaandika, tunahifadhi, tunaanzisha programu upya, tunangoja, tunagundua tulisahau koma, tunarudi mwanzo. Na edita tunayoandikia hatujawahi hata kuichungulia ndani. Kitufe kikitukera, tunangoja mtu wa California atoe toleo jipya. Fundi wa Kondele angetucheka.

Mimi natumia Emacs. Richard Stallman alitoa GNU Emacs mwaka wa 1985, na sehemu kubwa yake imeandikwa kwa aina ya Lisp, lugha ambayo John McCarthy aliianzisha kule MIT mwaka wa 1958. Ndiyo, Lisp ni kongwe kuliko uhuru wetu. Lakini andika (* 3 250) popote kwenye ukurasa, weka kishale baada ya bano la mwisho, bonyeza Control-x kisha Control-e. Chini ya skrini inatokea 750. Basi. Na edita yenyewe inafunguka hivyo hivyo: unaiuliza kitufe fulani kinafanya nini, inakutajia fankisheni, unafungua msimbo wake, unabadilisha mstari mmoja, na mabadiliko yanaanza papo hapo. Hujazima kitu.

Mama anauza omena Kibuye, kwa gorogoro. Jioni moja nilimwandikia hesabu ya faida: idadi ya gorogoro, bei ya kununua, bei ya kuuza, nauli. Akaangalia jibu, akaguna. "Na ushuru wa soko nitalipiwa na nani?" Nikaongeza mstari mmoja, nikaendesha fankisheni ile tu, jibu likashuka mbele ya macho yake. Akasema, "Toa na ile inayomwagika." Nikatoa. Mama hajui bano ni nini, lakini jioni ile ni yeye aliyekuwa akisikiliza injini. Mimi nilishika skrubu tu.

Najua mtakachosema. "Omera, hiyo ni lugha ya wazee, haina kazi." Ni kweli, matangazo ya kazi yanayoitaja ni machache mno. Sikuambii uache JavaScript, kodi ya nyumba lazima ilipwe. Ila mtu aliyefunzwa tu kile soko linachotaka mwaka huu, mwaka ujao atafunzwa tena, na atalipia tena. Mabano mengi? Siku chache tu, macho yanazoea. Inakula ramu? Zamani waliicheka eti inahitaji megabaiti 8. Leo fungua tabo moja tu ya brauza, halafu tuongee.

Lawama moja naikubali: maelezo yake ni ya Kiingereza, na vitufe vyake vya mwanzo vinaumiza vidole. Lakini vitufe unaweza kuvibadilisha wewe mwenyewe. Na maelezo ya fankisheni unazoandika unaweza kuyaandika kwa Kiswahili au Dholuo bila kuomba ruhusa ya mtu. Yangu nimeyaandika hivyo.

Kinachoniudhi si kwamba vijana hawatumii Emacs. Kinachoniudhi ni kozi zinazotufunza kompyuta kama abiria wa matatu: panda, lipa, usimguse dereva. Tunalipia zana kila mwezi kwa dola, na bando ikiisha zana nazo zinalala. Emacs ni ya bure, ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, na leseni yake inakuruhusu kuifungua, kuibadilisha na kumpa jirani.

Kwa hivyo wikendi hii usinitumie hoja. Ipakue, andika hesabu moja ya nyumbani kwenu, kisha mwite mwenye biashara akae kando yako akukosoe. Usizime.